Kamati ya Masikio

Kwetu Tlawi masikio ya binti ni mali ya ukoo. Macho ni yako, unaweza kuyapeleka barabarani, mawinguni au kwa mume wa mtu, shauri lako na Mungu, lakini masikio lazima yakae wazi muda wote. Saa yoyote anaweza kutokea mtu mzima nyuma ya zizi, na wewe unapaswa kumwamkia kabla hajakufikia. Ukichelewa, habari inafika nyumbani kabla yako. Mimi nimelelewa hivyo, nimechapwa kwa ajili hiyo, na mpaka leo, mtu mzima na mvi zangu, nikisikia kikohozi cha mzee nageuka na shikamoo iko tayari mdomoni.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekwenda kuchagua kazi ya kuziba masikio.

Kazi yenyewe ni kurusha shughuli za watu mubashara kwenye mtandao: harusi, misiba, vipaimara, shukrani, ili ndugu walioko Dar, Mwanza na ng'ambo waone bila kupanda basi. Sikuisomea. Nilikuwa na kibanda cha kudurufu karatasi pale Haydom, na siku moja mteja akaniomba nimshikie simu kwenye maziko ya mjomba wake, ili kaka yake aliye mbali atazame. Nikashika mpaka mkono ukafa ganzi. Watu wakasema huyu mama anajua. Nilikuwa sijui kitu, nilijua kunyoosha mkono tu. Lakini jina likaenda, nikanunua stendi, nikanunua maiki, nikanunua miksa ndogo ya kuchanganya sauti, nikawa fundi.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi. Alianzia kazi hospitali ya Haydom, na huko huko akakutana na kijana wa maabara aliyetoka tambarare za Hanang, mtoto wa wafugaji. Wakapendana, wakataka kuoana kanisani kama watu. Baba akakataa. Sababu yake ilikuwa ng'ombe. Watu wa tambarare waliwahi kuchukua ng'ombe wa babu, enzi ambazo baba mwenyewe hajazaliwa. Waliochukua walishakufa, waliochukuliwa walishakufa, ng'ombe wenyewe waliliwa zamani hizo, lakini kesi ilikuwa hai na yenye afya kuliko sisi sote. Kwamba babu naye hakurudi kutoka kule mikono mitupu, hilo nyumbani halikusimuliwa. Dada akaolewa hivyo hivyo, baba akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba hamjui, na baadaye wale wawili wakapata kazi ng'ambo wakaenda zao.

Tangu siku ile baba hakuitikia salamu yake. Dada hakuacha kusalimia. Kila akipiga simu kwa mama au kwangu husema, mwambie baba shikamoo. Tunamwambia. Baba anasikia vizuri kabisa, halafu anauliza kama ng'ombe wamenyweshwa. Kuongea naye kwa simu alikataa katakata. Miaka ikapita hivyo, watoto wa dada wakazaliwa na kuota meno na kuyang'oa, na sisi tunapeleka shikamoo na kurudi na habari za ng'ombe.

Kisha baba akaugua, akapasuliwa pale Haydom, akapona. Kanisa na ukoo wakaamua ifanyike shukrani nyumbani. Siku moja nikiwa namenya viazi, mama akaja akaketi karibu yangu, akasema polepole kama mtu anayeomba chumvi.

"Siku hiyo baba yako atamwitikia dada yako. Amesema alimkataa mbele ya watu, atamwitikia mbele ya watu. Wewe hakikisha anasikia."

Dada asingeweza kuja. Karatasi zake za kuishi kule zilikuwa bado zinashughulikiwa, na akitoka harudi. Na baba yangu si mtu wa kurudia. Akisema leta jembe, amesema. Kama hukusikia, utajua mwenyewe utakavyolima. Kwa hiyo lilikuwa neno moja, litakalosemwa mara moja, na la kulifikisha ni mimi. Nikaenda chumbani nikatazama hedifoni zangu, nikaona aibu.

Asiyeijua kazi hii atauliza hedifoni za nini wakati picha inaonekana kwenye simu. Picha inaonekana, ndiyo. Sauti haionekani. Maiki inaweza kufa, waya ukalegea, upepo ukavuma ndani yake, na wewe umesimama pale unatabasamu huku watu wa mbali wanasikia chakacha tu. Lazima usikie wanachosikia wao, na uache kusikia kila kitu kingine. Hilo kulieleza huku kwetu ni kazi kuliko kazi yenyewe.

Maana kwa watu wa umri wangu hedifoni hazikuanza kama chombo. Zilianza kama pambo. Miaka ile ya ruksa, vitu vya nje vilipoanza kumwagwa mnadani Katesh juu ya maturubai, vijana wetu walishuka na maharage wakarudi na hedifoni shingoni. Binamu yangu mmoja alitembea nazo msimu mzima, kichwa kikicheza taratibu, waya umeingia mfukoni. Siku alipovua koti tukaona waya umeishia mle mle mfukoni, haukuchomekwa popote. Redio hana. Tulipokuja kupewa mkoa wetu wa Manyara, na Babati ikajaa ofisi na maduka, tukaambiwa maendeleo yamefika. Kwa upande wa hedifoni yalifika kweli: zikaja za kila rangi, na zote zilidumu kutoka dukani mpaka stendi.

Mimi nimezipitia zote. Zangu za kwanza zilikuwa na sponji iliyovikwa ngozi ya bandia, na haikuchukua muda ngozi ikaanza kubanduka vipande vyeusi. Kwenye harusi moja Nambis nilizunguka kutwa nzima na masikio kama ya mtu aliyelalia masizi, mpaka bibi harusi mwenyewe akaniambia kwa upole nikanawe. Nikanunua zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio. Kila nikiinama, moja inaponyoka, na mara moja iliponyokea kwenye sufuria ya mchuzi ya watu. Nikanunua zisizo na waya, nikajiona sasa na mimi nimefika mjini. Zile zilikuwa zinachelewesha sauti. Mchungaji anasema tuombe, watu wanafumba macho, mimi nasikia tuombe wakati wenzangu wanakaribia amina. Halafu kuna mteja aliyeniletea zawadi kutoka Arusha, dude kubwa la wacheza gemu, lenye taa nyekundu, buluu na kijani zisizozimika. Siku moja sikuwa na nyingine, nikazivaa msibani. Nimesimama pembeni ya kaburi nawaka kama ukumbi wa disko, mjane akakatiza kilio kunitazama. Mbuzi alipokuja kutafuna waya wa zile hedifoni sikumfukuza.

Safari hii, kwa ajili ya dada, nikasema nitachagua kama mtu anayechagua ng'ombe wa maziwa. Nikashuka Babati, nikaingia duka la vifaa vya muziki. Muuzaji, kijana wa shati la kubana, akanipangia mezani na kuniambia zote orijino. Nikamuuliza orijino ya nani. Akasema orijino tu, mama.

Nikavaa za kwanza nikasimama. Yeye alidhani nasikiliza muziki wake. Nilikuwa nasubiri kuumia. Hedifoni zote ni nzuri mwanzoni, kama wachumba. Maumivu yanakuja baadaye, juu ya utosi, na pale ndewe ya sikio inapobanwa na hereni. Nikakaa nazo, nikavua, nikavaa nyingine, nikakaa nazo, mpaka kijana akataka kufunga akale. Nikatikisa kichwa kama ng'ombe mwenye inzi. Nikainama, nikainuka. Nikafunga kilemba juu yake, nikafungua, nikafunga chini yake. Nikakunja na kukunjua bawaba mpaka akaniambia mama utavunja. Nikamwambia ikivunjikia hapa ni yako, ikivunjikia Tlawi ni yangu, ndiyo maana navunjia hapa.

Nilizozichagua hazikuwa na uzuri wowote. Nyeusi, fremu ya chuma, sponji nene zilizovikwa kitambaa ambacho unaweza kukitoa ukakifua. Zilifunika sikio lote bila kulikandamiza. Waya ulikuwa mnene kama kamba ya ndama, umekazwa kwa skrubu upande wa hedifoni, na kichomeo chake kilibana hasa. Kijana alikivuta kwa nguvu zake zote kunionyesha, hakikutoka. Na nilipozivaa, pikipiki za barabarani zikanyamaza, redio ya jirani ikanyamaza, na muuzaji ikabidi anishike bega ndipo nikajua kwamba alikuwa ananiita. Nikafurahi, mjinga mimi.

Sasa, huku kwetu huwezi kumshukuru Mungu bila kamati. Kamati ya shukrani ya baba ilikuwa na mwenyekiti, ambaye ni baba yangu mdogo, na wajumbe ambao kazi yao ilikuwa kula kande na kuahirisha. Wakamaliza habari ya mahema, wakamaliza jenereta, wakabishana juu ya kondoo, kisha baba mdogo akauliza lile dude nililokuja nalo ni la nini. Nikaeleza. Nikalivaa ili waone. Hapo ndipo nilipojiharibia, kwa sababu mjumbe mmoja, mzee wa heshima zake, akazunguka nyuma yangu akakohoa. Sikugeuka. Akakohoa tena, kwa juhudi. Kamati nzima ikashuhudia binti anakoholewa na mtu mzima na hageuki. Nilipovua nikakuta nyuso za msiba.

Walijadili masikio yangu kuliko walivyojadili chakula cha kijiji kizima. Mmoja akapendekeza nizibe sikio moja, lile jingine libaki la heshima. Nikasema kwaya na jenereta vitapitia hapo hapo kwenye heshima. Mwingine akashauri nivae wakati wa nyimbo na nivue wazee wakisimama kuzungumza, yaani nivue wakati ule hasa ninaotakiwa kusikia. Mwingine, aliyewahi kufanya kazi Arusha, akasema kule kwenye mikutano ya wageni watu wote huvaa na hakuna anayelalamika. Akajibiwa kwamba kule hakuna shangazi yetu.

Hilo lilikuwa neno. Shangazi ni dada mkubwa wa baba, anakaa Nambis, anatembea na fimbo ambayo miguu yake haiihitaji. Yeye ndiye aliyebaki mkubwa kuliko wote katika ukoo, na kazi aliyojipa ni kukagua salamu. Kamati ikaketi ikimfikiria. Mwishowe wakapitisha kwa kunyoosha mikono kwamba nitaruhusiwa kuziba masikio yote mawili, ila pembeni yangu akae mtu wa kunigusa bega kila anapokuja mkubwa, ili nivue na kusalimia kama inavyotakiwa. Wakamteua binamu yangu, yule yule wa waya wa mfukoni. Ni mzoefu wa hedifoni, walisema.

Siku ya shukrani ukungu uliwahi kupanda, jua likatoka, watu wakajaa uani. Nikafunga simu kwenye stendi ikimtazama baba, maiki nikaiweka mezani mbele yake, miksa juu ya stuli. Dada akaniandikia ujumbe kwamba anasikia kila kitu, hadi kuku. Nami nilisikia kila kitu. Nilisikia baba akimeza mate. Nilisikia kiti chake kikilia. Zile hedifoni zilikuwa bora kwelikweli jamani, sina la kuzisema. Nimezivaa tangu asubuhi, hereni zangu masikioni, kilemba changu kichwani, wala sikuzihisi. Na hapo ndipo palipo na ubaya wake. Hedifoni inayokuumiza inakukumbusha kwamba umeivaa.

Mwanzo binamu alifanya kazi yake. Ananigusa, navua, naamkia, navaa. Kisha nyama ikaiva na harufu ikapita, na mlinzi wangu wa salamu akaifuata.

Shangazi alifika wakati huo. Huwa anachelewa makusudi ili wote waliokwisha kuketi wasimame. Akapita, akaamkiwa, akapita, akaamkiwa, akafika nilipo, akasimama na fimbo yake anasubiri chake. Mimi macho yangu yako kwenye taa za miksa. Wanasema alikohoa. Wanasema alikohoa kikohozi kilichonyamazisha kwaya katikati ya ubeti. Mimi kupitia maiki nikasikia mkwaruzo tu, kisha kwaya imenyamaza ghafla masikioni mwangu, nikadhani sauti imekatika, nikainama haraka kukagua vitufe. Kwa namna hiyo, mbele ya ukoo, mbele ya mchungaji, nikamgeuzia shangazi makalio.

Kitu kikanikamata kichwa. Shangazi alizing'oa zile hedifoni kwa mikono yote miwili, kilemba changu kikaenda nazo. Zingekuwa zile za mnadani, waya ungechomoka na mambo yangeishia hapo. Lakini mimi si nilichagua kitu kigumu? Kile kichomeo hakikuachia. Waya mnene ukaburuta miksa nzima kutoka kwenye stuli mpaka chini, na waya wa maiki, ule wa bei chee ambao sikuwahi kuufikiria, ukachomoka kimyakimya. Hilo nilikuja kuliona baadaye. Wakati ule niliona fimbo tu.

Shangazi akatangaza kwamba anarudi Nambis. Ikawa tafrani, watu wanamshika mkono, anajivuta, anashikwa tena, na mtu anayetaka kuondoka kweli huwa havutiki polepole vile. Baba mdogo, kama mwenyekiti, akatoa uamuzi: nianze mwanzo wa safu ya wazee mpaka mwisho, masikio wazi, niamkie mmoja mmoja huku nimeinama. Nikaanza. Shikamoo, marahaba. Shikamoo, marahaba. Nilikuwa nawaka kwa hasira. Nina watoto wanaojitegemea, nina kazi, nina dada aliyekaa mbele ya kioo nchi za watu anasubiri neno moja, na mimi napelekwa kwenye safu kama mtoto wa chekechea aliyeiba sukari.

Nikiwa katikati ya safu, shangazi, ambaye kumbe alishaketi kwenye kiti kizuri kuliko vyote, akamgeukia baba akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Mabinti zako hawana salamu. Mmoja ametukimbia akaenda kwa wezi wa ng'ombe, huyu aliyebaki ameziba masikio. Wewe umelea nini?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi. Baba akainuka, taratibu, ameshika ubavu aliopasuliwa.

"Huyo aliyekwenda ananisalimia kila siku," akasema. "Nimelala hospitali na mipira puani, ananisalimia. Asiye na salamu hapa ni mimi."

Akatazama huku na huku, akaiona simu kwenye stendi. Hatukuwahi kumwambia atazame wapi. Akaisogelea, akaisogelea tena, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia kioo, kama mtu anayechungulia ndani ya mtungi. Akasema marahaba. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akaamuru chakula kipakuliwe.

Mama akajifunika uso kwa kanga. Shangazi akauliza kama supu ipo. Na mimi, nimeinama mbele ya mzee ambaye hata sijui undugu wetu unapitia wapi, nililia, na sikuona haya. Nilijua limekwisha. Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe, nikadhani kwa kuwa nimesikia mimi, amesikia na yeye.

Nilipomaliza safu nikarudi, nikaiokota miksa ikiwa inawaka vizuri, nikaokota hedifoni. Hazikuwa na hata mkwaruzo. Nikazivaa. Kimya. Kimya kizuri, safi, cha hedifoni bora. Kisha nikauona waya wa maiki umelala majanini.

Nilitaka kumpiga mtu. Wa kwanza kujitokeza akawa binamu, anatafuna, ananiuliza kama kuna mkubwa yeyote aliyepita. Nikamwacha, nikaenda kwa baba, nikapiga magoti, nikamwomba alirudie lile neno, vyombo vilikuwa vimezimika. Akanitazama kama nimemwomba apasuliwe upya. Akasema ameshasema, watu wamesikia, nikamsaidie mama kugawa nyama.

Jioni ile dada alipiga sikupokea. Asubuhi akapiga tena nikapokea, na kabla hajafungua kinywa nikaanza kulaani: shangazi na fimbo yake, kamati na mwenyekiti wake, binamu na tumbo lake, duka la Babati na waya wake wa kufungia ndama. Akaniacha nikamaliza. Kisha akasema sauti ilikatika pale nilipovuliwa. Nikasema najua.

Akasema kile kipande cha baba anasogelea simu amekirudia usiku kucha. Uso unakuja, unakuja, mpaka unajaa kioo kizima.

"Midomo yake imekutana mara mbili," akasema. "Mwanzo na mwisho."

Nikafungua mdomo nimwambie. Akanikatiza, akasema nisimwambie, amehudumia wagonjwa wasio na sauti tangu ujana wake, mdomo anaujua. Nikamsikia anavuta kamasi.

"Ila nilitaka kusikia," akasema.

Mimi nilitaka asikie kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na nilikuwa nimeshindwa kwa sababu ya kikohozi. Naye, kwa mazoea, kama anavyomaliza kila simu, akasema haya, nisalimie baba, mwambie shikamoo.

Nikatoka nje na simu mkononi bila kuikata. Baba alikuwa zizini, ameegemea mti wa uzio kwa sababu madaktari wamemkataza kubeba kitu, anawatazama ng'ombe kwa jicho la mtu anayewadai. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwambia dada anamsalimia, anasema shikamoo. Halafu nikasubiri niulizwe kama ng'ombe wamenyweshwa.

"Marahaba," akasema, bila hata kugeuka. "Si nilishamwambia jana mbele ya watu wote? Au yale madude yako yalilimeza?"

Ningejibu ningepata laana. Akakuna ubavu, akatema mate pembeni, kisha akageuka akaitazama simu. Mimi hakunitazama.

"Hajambo lakini?" akauliza.

Nilikuwa nimechoka. Nimechoka na kamati, nimechoka na maiki na miksa na bando, nimechoka kubebeshwa salamu za watu wazima wawili miaka yote ile kama punda.

"Muulize mwenyewe," nikamwambia, nikampa simu.

Akaipokea, akaigeuza upande unaofaa, akaiweka sikioni.